Jina ambalo mwanangu alipewa kwenye televisheni

Admin, nifichie jina, wakwe zangu wako humu. Mimi ni mjane wa miaka sitini na miwili, wa Muhumba, Bukavu.

Enzi za Zaïre, kundi la teatre la mjini kwetu lilirekodi mchezo wa familia wa televisheni, kila wiki sehemu moja. Familia ile ilikuwa ipate mtoto, wakaniomba wangu wa siku sita. Hakuwa na jina bado. Kwetu jina lilitoka kwa baba mkwe, nalo ndilo lililomwingiza mtoto kwenye ukoo, na mkwe wangu alishasema atakuja kutoka Nyangezi kumpa la mdogo wake marehemu, mlevi aliyekuwa akipiga wake zake. Jina lile nililichukia kabisa.

Nikamwendea aliyeigiza baba. "Tonton, ukifika pale pa kupa mutoto jina, umuite Mugisho." Akacheka, akakubali. Mbele ya kamera akamwinua mwanangu: "Miye baba yako, nakupa jina Mugisho." Waigizaji wenzake wakanywa pombe ya ndizi, wakapiga vigelegele. Nilidhani baba mkwe akikuta watu wote wanaliita, ataliacha lake. Nilijidanganya.

Baba mkwe aliuona mchezo kwa jirani.

"Mwanaume ameisha kupa mutoto jina mbele ya watu. Miye nimupe lingine ya nini?"

Mume wangu akasema, "Papa, ile iko teatre tu."

"Na mutoto, naye iko wa teatre?"

Mpaka anakufa, baba mkwe hakumpa jina. Mtaa mzima ukasema mwigizaji ndiye baba, mke wake akamkimbia. Mwigizaji angesema tu kwamba ni mimi niliyemwomba, ningeumbuka, lakini hakunitaja. Nami nikanyamaza, mwoga mimi, mpaka nikamzika mume wangu. Naapa, Mugisho ni damu yake.

Juzi kwenye matanga ya shangazi yake Mugisho, baba zake wadogo walimwambia mwanangu: "Weye hauko wa kwetu. Tafuta baba yako wa televizyo." Amemtafuta mwigizaji yule, amemkuta kijijini Mumosho, mzee asiye na mtu. Jumapili anamleta kwangu, na suti amemshonea. Mzee amenitumia ujumbe: "Maman Mugisho, mutoto ananiita papa. Nimujibu nini?"

Ndugu zangu, nimwambie mwanangu kwamba aliyemtoa kwenye ukoo ni mimi mama yake? Au nimwache apate baba anayemkubali, hata kama si wake? Msinionee haya, nisemeni, lakini mnijibu kabla ya Jumapili.