Mguu wa Mama Kwenye Breki

Bibi alifia kwake, Ijumbi, na mazishi yakapangwa kesho yake mchana. Sisi tunakaa Buhembe. Kwa gari si mbali. Mama alitaka kitu kimoja tu, amwone mama yake usoni kabla jeneza halijafungwa. Alilisema hilo tangu alfajiri, akifunga kitenge, akipakia mchele, mpaka nikawa nalisikia hata akinyamaza.

Gari letu limenizidi umri. Baba alipoliwasha alitoe uani, pedali ya breki ilizama mpaka chini. Gari likaserereka polepole likaenda kuegemea mgomba, likazima. Baba akabaki ameshika usukani.

"Upepo umeingia kwenye breki," akasema.

"Tata, twende stendi tupande Haisi," nikamwambia Baba.

"Na mchele? Na masufuria? Ukishuka barabarani mpaka kwa bibi yako utabeba kichwani wewe?" Akashuka, akafungua boneti. "Halafu mimi ni mkwe pale. Siendi kumzika mama mkwe nimekunja magoti kwenye gari la watu."

Nilitaka kubisha, lakini kubisha na Baba ni kupoteza muda mwingine. Nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani, na gari hili nalijua kuliko nilivyowahi kujua fizikia. Baba mgongo wake haumruhusu tena kulala chini, kwa hiyo anayeingia uvunguni ni mimi. Nikazunguka tairi zote nikipapasa kwa ndani. Ya nyuma kushoto ilikuwa imelowa. Tukapiga jeki, nikatoa tairi, nikavua dramu iliyo nyuma yake, nikakuta silinda ndogo ya breki inavuja, raba yake imelika. Baba akapanda bodaboda kwenda mjini kutafuta raba. Nilikaa chini nikiangalia njia. Mama alikuwa ameshakaa ndani ya gari, mlango wazi, pochi mapajani, kama mtu ambaye safari imeshaanza.

Baba aliporudi nilizifunga raba upesi. Ikabaki kutoa upepo, na kazi hiyo inataka watu watatu: mimi chini nikifungua na kufunga kinati cha kutolea upepo, Baba mbele akiongeza mafuta ya breki, na mtu wa kukanyaga.

"Nitakanyaga mimi," Mama akasema, akahamia kiti cha dereva. Akamtazama Baba. "Miaka yote unaninyima usukani, leo ndiyo unanipa."

"Nimekupa breki tu," Baba akasema. Mama akatabasamu kidogo. Nadhani ndiyo mara ya mwisho siku ile.

Kazi yenyewe ni rahisi. Anapampu, kisha anakanyaga na kushikilia. Nikifungua kinati, mafuta yanatoka na mapovu. Nikifunga, ndipo anaachia. Akiachia kabla sijafunga, upepo unarudi wote ndani na mmerudi mlikoanzia.

"Pampu," Baba akasema. "Tena. Tena. Shikilia."

Nikafungua. Mapovu yakatoka. Simu ya Mama ikaita, mjomba anapiga kutoka msibani. Mguu wake ukainuka.

"Mama, usiachie!"

"Nimeachia," akasema. "Pole, mwanangu."

Mjomba alikuwa anauliza tumefika wapi. Mama akamwambia tunatoka sasa hivi.

Tukaanza upya. Safari hii simu haikuita. Alishikilia vizuri, mimi chini nikaona mapovu yanapungua, halafu nikasikia anaita, "Mawe," yaani mama kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, kama mtoto anayemwita mama yake aliye jikoni. Mguu ukaachia. Hakujua hata kwamba ameachia.

Ikawa hivyo tena na tena. Kila tulipokaribia kumaliza kilio kilimjia, na kikimjia mguu unalegea. Nikatoka uvunguni na udongo mgongoni.

"Mama ashuke, nikanyage mimi. Tumwite jirani afunge kinati."

"Jirani yupi anajua kinati?" Baba akauliza.

"Basi yeyote. Tutachelewa."

"Msinishushe," Mama akasema. Alikuwa anaangalia mbele, kwenye migomba. "Nikikaa bure nitapasuka. Niacheni nikanyage."

Baba akakijaza kikopo cha mafuta ya breki, akakifunika. Kisha akaja kwenye mlango wa dereva, akapiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya msibani. Akamwambia Mama akanyage. Alipokanyaga, Baba akaushika mguu ule kwa mikono yote miwili, juu ya kiatu, akaukandamiza.

"Sasa lia," akamwambia. "Lia tu, waitu, mke wangu. Mimi nimeshika."

Mama akalia. Mimi chini nilifungua, mafuta yakatoka na mapovu, nikafunga. Tulirudia mpaka yakatoka safi, bila povu hata moja. Juu yangu gari lilikuwa linatikisika kwa kilio chake. Sijawahi kuwasikia wazazi wangu karibu hivyo, na mimi nilikuwa nahesabu dakika tu.

Breki ikakaza. Tukaondoka. Baba hakuiamini, kila mteremko alishuka na gia nzito, pikipiki zikitupita. Nilikaa nyuma katikati ya masufuria nikitamani kumsukuma mabega. Baada ya Muleba mvua ikaanza. Mjomba alipiga, akasema padri ana ibada kigango kingine na kaburi linaingia maji. Mama akasema, "Tuko karibu." Mjomba akapiga tena, na mara hiyo Mama alisikiliza tu, akaiweka simu mapajani.

Tulipofika, wanaume walikuwa wananawa matope miguuni. Kaburi lilikuwa kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, udongo umeshawekwa sawa, mashada yamelowa. Watu walitupisha. Hakuna aliyemlaumu Baba. Walimpa mkono mkwe wao, wakaanza kushusha mchele.

Mama hakuanguka, hakupiga kelele. Alisimama pembeni ya kaburi na mdogo wake, mjomba wangu, aliyekuwa anatazama chini.

"Dada, tulingoja," mjomba akasema. "Mvua."

"Najua. Mlimvika nini?"

"Gauni la bluu."

"Lile la Pasaka?"

"Lile."

"Kichwani?"

"Kitambaa cheupe. Shangazi yetu ndiye aliyemfunga."

"Miguuni?"

Mjomba akafikiri. "Soksi."

"Za rangi gani?"

Hakujua. Akamwita mkewe, mkewe naye akasema hakuangalia, akaenda kumuuliza Shangazi jikoni. Mama akabaki amesimama kwenye mvua anasubiri jibu.