Majina Niliyoyafuta Kitabuni

Shangazi yangu anaishi Kaloleni, katika nyumba ile ile aliyopewa babu alipoajiriwa reli baada ya vita. Mvua ilipoanza kupenya kwenye vigae, alinipigia simu nikachukue sanduku la bati la marehemu babu.

"Kwako huko mtaa wa Fedha hakuvuji," akasema. "Kaa nalo mpaka paa litengenezwe."

Ndani mlikuwa na nishani mbili, kipande cha blanketi, na kitabu kidogo cha kuingia mfuko wa shati, chenye jalada la kitambaa cha kaki. Kilikuwa kitabu cha jeshi la Waingereza cha kuwaelekeza maofisa: namna ya kuchimba handaki, kuvuka mto, kubeba majeruhi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la kapteni mmoja kwa wino wa buluu. Babu alikuwa mbeba machela huko Burma. Sikujua kitabu cha kapteni kilimfikiaje, na nitasema ukweli, wazo la kwanza lililonijia ni kwamba alikiiba.

Nilipiga picha jalada na lile jina, nikaziweka mtandaoni kwenye kundi la wapenzi wa vitu vya vita. Baada ya wiki moja akaniandikia mwanamke wa Uingereza. Kapteni alikuwa babu yake. Aliuliza kwa adabu kama ningekubali kumwachia kitabu, na hali yake ikoje. Kimeraruka? Kina madoa? Kimeandikwaandikwa?

Kilikuwa kimeandikwa. Kwenye kurasa za mwisho, kuzunguka michoro ya machela, palikuwa na maandishi madogo ya penseli. Siwezi kujitetea kwamba niliyaona kama michirizi tu, maana niliyasoma. Yalikuwa majina ya watu, mengine ya kwetu magharibi, mengine ya Kikamba, mengine sikuyatambua, na kila jina lilifuatwa na namba ya jeshi na neno moja: mtoni, kilimani, njiani. Herufi zilikuwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Nikaona haya. Nilimwaza yule mama akifungua kitabu cha babu yake na kukuta askari wetu amekichorachora kama mtoto wa chekechea.

Nikanunua raba ya kufutia. Jumamosi asubuhi nikaketi mezani nikafuta ukurasa baada ya ukurasa, kwa uangalifu, nikipuliza unga wake. Kisha nikamwandikia kwamba kitabu kiko katika hali nzuri na kurasa zake ni safi.

Kesho yake, baada ya kanisa, nilipita kwa shangazi nikiwa na furaha ya kumweleza kwamba nimempata mjukuu wa kapteni.

"Basi umwambie kuhusu yale majina," akasema.

"Majina gani?" Niliuliza huku moyo umeshajua.

"Ya wale aliowabeba baba wakamfia mikononi. Alikuwa akiwaandika kwenye karatasi za sigara, mvua inazilowesha. Kapteni akamwona, akampa kitabu chake, akamwambia andika humu, karatasi hii haiharibiki haraka. Kila mwaka baba alikuwa anatukalisha hapa anatusomea wote, sisi tunasinzia." Akacheka kidogo. "Wengine hawana kaburi, mama. Wako humo tu."

Nilimaliza chai, nikaosha vikombe, nikaondoka. Kwa wiki tatu sikupokea simu zake. Nilimjibu kwa ujumbe kwamba kazi ni nyingi. Yule mama wa Uingereza naye alituma anwani, nikanyamaza.

Mwishowe nilirudi na sanduku. Nilimkuta shangazi akichagua mboga, nikamwambia kabla sijaketi.

"Shangazi, yale majina niliyafuta."

"Uliyafuta na nini?"

"Raba."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nani?"

"Ya babu. Vile aliandika."

Hakunigombeza. Alifuta mikono kwenye leso, akachukua kitabu, akakipeleka dirishani na kukiinamisha kwenye mwanga. Babu alikuwa akikandamiza penseli, na karatasi ilikuwa imebaki na mikwaruzo. Macho ya shangazi hayaoni vizuri tena, kwa hiyo mimi nilisoma herufi zilizobaki, yeye akakamilisha kwa kumbukumbu ya zile jioni za kusinzia. Mpaka jua linahama dirishani tulikuwa na majina tisa kamili na mawili nusu. Mahali pengine palisomeka neno moja tu, mtoni, bila mtu.

Nilipoondoka, sanduku lilibaki kwake. Nilipotaja paa, alisema atalifunika kwa karatasi ya plastiki.

Usiku nilimwandikia yule mama ukweli wote. Alijibu kwamba kitabu kikae na familia yetu, babu yake alikitoa mwenyewe. Akaomba tu, kama si usumbufu, nimtumie majina tuliyoyapata. Afadhali angenitukana.

Ninachorudia kichwani hadi leo ni kwamba asubuhi ile niliyasoma yote kabla ya kuyafuta. Mimi ndiye mtu wa mwisho kuyasoma. Lazima yawe mahali fulani akilini mwangu. Huwa najaribu nikiwa ofisini, nafumba macho nikivuta picha ya ukurasa. Mwezi uliopita moja lilinijia, la Kikamba, likiwa kamili na neno lake, kilimani. Nilitoka nje ya ofisi nikampigia shangazi nikamtajia.

"Huyo tunaye tayari," akasema. "Ni wa tatu kwenye orodha. Endelea kujaribu."