Mabati ya Prof Gaston

Ukitaja "Prof" kwenye avenue ile inayopanda mlima wa Kadutu, hakuna anayekuuliza Prof yupi. Ni Gaston Cirimwami, mwalimu mstaafu, aliyewafundisha vijana wa Bukavu michezo ya tanzia ya Wayunani wa kale kwa miaka thelathini na miwili, na ambaye hadi leo hufunga tai hata akienda kununua mkate. Majirani walimchagua awe chef d'avenue, mkuu wa mtaa wao, kwa sababu hajui kula rushwa. Kwa kweli hajui. Hata angefundishwa, angepata sifuri.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa shujaa wa tanzia. Shujaa huyo, aliwaambia wanafunzi wa sixième, mwaka wa mwisho wa sekondari, si mtu mbaya hata kidogo. Ni mtu mwema, mwenye heshima zake, anayetaka kuuokoa mji wake. Anafanya kosa moja bila kujua, na siku anapojua, mambo yameshaharibika, na sisi tunaomtazama tunamwonea huruma huku tukijiogopea wenyewe. Kila mwaka Prof aliuliza swali lile lile kwenye interro, jaribio la darasani: kosa la shujaa ni nini? Jibu lililopata kumi juu ya kumi, dix sur dix kama wasemavyo shuleni, lilikuwa moja tu: hakujua. Ukiandika jingine, hata kwa Kifaransa kitamu namna gani, kalamu nyekundu haikukuonea haya.

Gracien, kijana wa pale pale mtaani, aliandika jingine akapata nne. Siku hizi Gracien ni fundi mwashi, na ndiye aliyemjengea Prof njia ya maji ya mvua yanayotoka kwenye paa. Alitaka kuchimba mfereji na kuuacha wazi.

"Prof, maji ya mulima unapashwa kuiona na macho," alimwambia.

Prof hakutaka mfereji wa wazi. Watu wangeujaza takataka. Alitaka bomba lifukiwe ardhini, na juu yake simiti.

"Gracien, ni miye nilikufundisha," alisema, na Gracien akafukia. Simiti ilitoka laini kama meza, na Prof aliwaonyesha wageni simiti hiyo kabla hajawaonyesha viti vya kukalia.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na nyumba ya Maman Delphine ikaporomoka. Maman Delphine ni mjane, mshonaji wa nguo, anayekaa chini kabisa ya avenue. Kilichomwokoa ni misa ya asubuhi. Aliporudi alikuta udongo umelala kitandani mwake, cherehani imezikwa, na mabati yamechukuliwa na bonde. Akahamia na wajukuu wake wawili kwenye darasa moja la shule ya parokia, na shule ilikuwa inalitaka darasa lake.

Jumamosi, baada ya salongo, kazi ya pamoja ya kuondoa matope, walipokuta shimo lililochimbwa na maji nyuma ya nyumba hiyo, watu wakiwa bado na majembe mikononi, Prof alipanda juu ya rundo la mawe.

"Hii maji haikutoka mbinguni yenyewe," alisema. "Kuna mutu huku juu aliiachilia ndani ya udongo. Tutamutafuta. Akiwa nani, ataezua mabati ya nyumba yake na mikono yake, na hiyo mabati njo itafunika nyumba ya Maman Delphine."

Watu walipiga makofi. Prof aliyaandika maneno hayo kwenye daftari la avenue na kutia saini yake yenye mkia mrefu. Hasira yake ilikuwa ya haki, na ilimpendeza kidogo kuwa nayo.

Mkewe, Anne-Marie, hakupiga makofi. Jioni alimwekea chakula, akakaa, akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Papa Mireille, acha hii mambo. Tuchange, tumujengee Maman, ikwishe."

"Unaogopa nini?"

"Bomba yetu. Tangu udongo ilitetemeka ule mwezi wa sita, mvua ikinyesha sioni tena maji kule kwenye inatokea. Nilikuambia."

"Bomba yetu iko chini ya simiti," Prof alisema, akaongeza sauti ya redio. Anne-Marie akaondoa sahani. Miaka arobaini ya ndoa ilikuwa imemfundisha masikio ya mumewe yanaishia wapi.

Jumamosi iliyofuata Gracien alileta njia rahisi ya kumpata mwenye kosa. Wangemimina pipa la maji yenye sabuni ya unga kwenye njia ya maji ya kila nyumba ya juu, na yeye angechuchumaa kwenye shimo nyuma ya nyumba ya Maman Delphine, akingoja povu. Walipima nyumba ya kwanza, ya pili, hadi ya sita. Shimoni hakikutoka kitu. Watu walichoka, wakaanza kuulizana habari za chakula.

Ilibaki nyumba ya saba, ya Prof mwenyewe. Hakuna aliyemwomba.

"Chef njo anapimwa mbele ya bote," alisema, na akamimina pipa kwa mkono wake mwenyewe, tai shingoni. Kisha akateremka hadi kwenye mtaro wa barabara, mdomo wa bomba lake unapotokea, ili wote waone povu likitoka mahali pake.

Akangoja. Mdomo wa bomba ulikuwa mkavu. Buibui alikuwa ameshatanda humo, na Prof alimtazama buibui yule kwa muda mrefu.

"Iko povu!" Gracien alipiga kelele kutoka kule chini. "Iko povu mingi!" Alifurahi kabla ya kukumbuka zamu ilikuwa ya nani.

Maskini Prof. Wala hakuna aliyemzomea. Wangemzomea, ingekuwa nafuu. Miaka yote alikuwa akieleza huruma ya watazamaji, na hakuwahi kufikiri inavyomchoma mtu anayetazamwa. Maman Delphine mwenyewe alipanda mlima akihema.

"Wacha, Prof. Mi siwezi lala chini ya mabati ya mutu alifundisha batoto yangu."

"Tutachanga!" wengine waliitikia.

Prof aliomba daftari. Akasoma kwa sauti aliyoyaandika, na jina lake chini yake, kisha akaomba ngazi.

Alasiri hiyo alikuwa juu ya paa, tai imewekwa mfukoni, aking'oa misumari. Gracien alikuwa ubavuni mwake akipokea mabati na kuyateremsha. Chini, Anne-Marie alikuwa anahamishia godoro kwenye kibanda cha jiko. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa ziwa.

"Gracien, ile interro ya sixième, uliandika nini?"

Gracien aliona haya kama mwanafunzi. "Niliandika hivi: alijua, sababu aliambiwa. Alikatala kusikia."

"Nilikupa ngapi?"

"Quatre, Prof. Papa yangu alinipiga."

Prof aliacha nyundo. Aliiangalia simiti yake kule chini, laini vile vile, halafu akamwangalia mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na mto mikononi, anasikia yote.

"Ilikuwa dix," alisema. "Ilikuwa dix, Mama Mireille."

Anne-Marie alitikisa kichwa kukubali. Akaingiza mto ndani, akarudi kuchukua mablanketi, maana matone yalikuwa yameanza.