Nilimkaribisha Mume wa Bibi Haruko

Usiniambie nilikuwa nimechoka. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua la Agosti limejaa jikoni, na macho yangu yote mawili yanaona. Haya yamenikuta mimi, hapa hapa London.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Siku hiyo nilikuwa Lewisham kwa Bibi Haruko, mjane wa Kijapani anayeishi peke yake. Nilikwenda na mwanangu Rehema, kwa sababu baba yake, aliyetuhama, aliahidi kuja kumchukua na hakutokea. Vitunguu nilivikata kwa hasira.

Bibi alikuwa ameweka mlangoni farasi wa tango, miguu yake vijiti. Kwao, siku hizo za Agosti marehemu hurudi nyumbani, na farasi ni wa kumleta mumewe haraka. Mimi nikasema moyoni, mizimu hiyo.

Mara sauti ya mwanamume mlangoni: "Tadaima."

Wewe ungefanyaje? Sisi tukisikia mtu mlangoni, mdomo hujibu wenyewe. Nikapaza sauti nikiwa jikoni: "Karibu, karibu ndani."

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo na haukufunguka. Ila harufu ya tumbaku ilinipita usoni, na ndara za marehemu, zilizokaa miaka upande wa pili kando ya viatu vya bibi, nilizikuta zimepangwa ubavuni mwa viatu vyangu. Niamini.

Bibi akatoka chumbani. "Umemwambia nini?"

"Nimemkaribisha tu, bibi."

"Yeye amesema nimerudi. Hujibiwa umerudi. Karibu huambiwa mgeni." Akazitazama zile ndara. "Basi ni mgeni wako, binti. Miaka kumi na moja nimemngoja mimi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Huu mwaka wa tatu. Kila Agosti, saa kumi, sauti ile inakuja kwenye mlango wangu huku Woolwich. Rehema, ambaye Kiswahili changu hukijibu kwa Kiingereza, anaacha katuni zake anaitikia, "Okaeri." Umerudi. Nani alimfundisha? Baba yake hajawahi kuitikiwa hivyo, maana harudi. Mwanamume pekee anayerudi kwangu ni marehemu wa mwenzangu.

Kisha bibi anapiga simu. "Amefika?"

"Amefika, bibi."

Anakata simu.

Kwa hiyo wewe unayekaa peke yako, ukisikia sauti mlangoni, funga mdomo. Nenda ukachungulie uone uso kwanza. Mimi sikuchungulia, na kule Lewisham farasi wa tango anaozea mlangoni, hana wa kumpanda.