Firigisi ya Afande

Shida zangu zilianza mwaka wa 1997, nikiwa na miaka thelathini na miwili. Kazi yangu ilikuwa kufyatua matofali, kijijini kwetu nje kidogo ya mji wa Kakamega. Shule niliachia darasa la tatu, na mpaka leo sijaona nilichosahau huko. Ile mvua ya El Nino ilipofika, nilikuwa nimepanga matofali mabichi ya miezi mitatu, yanangoja kuchomwa. Kwa siku mbili yote yakarudi kuwa udongo. Mvua ilifanya kazi haraka kuliko kibarua yeyote niliyewahi kumwandika.

Halafu vyoo vikafurika, vikamwagika kijitoni. Sisi tukaendelea kunywa maji ya kijito kwa sababu babu zetu waliyanywa. Kipindupindu kikaingia. Tulianza kuzika.

Serikali ilipokumbuka kwamba tupo, ilituma wanajeshi na dawa. Lori mbili za kijani zikaegesha uwanja wa shule ya msingi, wakapiga mahema, wakazungusha kamba. Ungedhani wamevuka bahari kuja kuokoa kisiwa ambacho hakijaonwa na mtu. Mmoja alishika kipaza sauti akatuuliza polepole, neno moja moja, kama tunaelewa Kiswahili.

"Tunaelewa, mwanangu," akajibu liguru, yaani mzee wetu wa kijiji. "Wewe ndiye unatafutanga maneno."

Sasa, kwetu mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, na firigisi ni yake, hata mwenye boma akiwa anaimezea mate. Liguru akachinja jogoo wake mkubwa, akapeleka sinia mwenyewe. Afisa wao, kijana mrefu mwenye viatu vinavyong'aa katikati ya tope lote lile, akaitazama ile firigisi kama bomu.

"Asante, mzee. Hatuli chakula cha huku. Ni amri."

"Cha huku?" liguru akauliza. "Huku ni wapi, afande?"

Siku hiyo hiyo wanaume tukakaa kikao. Nitasema ukweli, kwa sababu waliokuwepo bado wengine wako hai: mimi ndiye nilipaza sauti kuliko wote. Nilisimama nikasema, "Mtu akikataa kuku wetu, sisi tutamezaje dawa yake? Mpaka ale, hakuna mtu kuvuka ile kamba." Nikapigiwa makofi. Nikarudi nyumbani kifua mbele, kama mbunge.

Mke wangu akaniuliza, "Na mkianza kuhara, mtahara kwa heshima?"

Nikamwambia mambo ya kikao hayamhusu. Siku ya tatu akaanza kuhara yeye.

Ilipofika saa nne asubuhi macho yake yalikuwa yamezama. Nilimfinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama pale nilipoifinya. Nilikuwa nimewaona wengine wakifika hapo, na nilijua kaburi huchimbwa kesho yake. Nikatandika gunia kwenye wilbaro yangu ya matofali, nikamlaza. Kisha nikamkamata kuku wake, ndiye wa pekee tuliyebaki naye, nikamfunga miguu, nikamweka kando yake.

"Huyo ni wa mayai," mke wangu akanong'ona.

"Nyamaza, unamaliza nguvu."

Penye kamba niliwakuta liguru na wanaume wamejipanga na majembe yao, wanalinda heshima ya kijiji.

"Karibu, mheshimiwa," mmoja akasema. "Si wewe ulisema hakuna mtu kuvuka?"

"Nilisema. Sasa nasema vingine."

"Unageuka kama chapati!"

Wakacheka. Hakuna aliyesogea. Afisa akaja upande wake wa kamba, akaamuru njia ifunguliwe. Wakamtazama tu. Kupigana na wanakijiji hakutumwa, na wao walilijua hilo.

Nikamwambia, "Afande, wewe kula kitu kidogo tu, hawa watu watoke."

"Nimesema siwezi. Ni amri."

"Hiyo amri inasemaje hasa?"

Akafikiri. "Tusile chakula ambacho hatukuona kikipikwa kwa maji safi."

"Basi utaona," nikasema, nikamchinja kuku palepale, mke wangu akiangalia.

Mpishi wa jeshi alikuwa na sufuria ya maji yanayochemka. Nikaosha mikono kwa ile dawa yao inayonuka, nikapasua firigisi, nikaisafisha, nikaitumbukiza. Kuku mwenyewe tukamwacha; hakuwa na haraka. Ni firigisi tu iliyotakiwa, na sijawahi kuona nyama ngumu kuiva kama ile. Kila mara nikigeuka, nilimwona mke wangu midomo imekauka, nami nikimkumbuka yule mtu mwenye akili aliyepigiwa makofi kikaoni.

Ikaiva nusu. Afisa akaitia mdomoni, akatafuna, akatafuna. Liguru akamtazama koo mpaka ikapita.

"Imeshuka?" akauliza.

"Imeshuka, mzee."

"Karibu kwetu, afande." Akageukia wanaume. "Toeni majembe yenu hapa. Hamwoni kuna mgonjwa?"

Unasikia? Hamwoni kuna mgonjwa!

Walimtundikia mke wangu chupa za maji, moja baada ya nyingine. Jioni akafungua macho, akauliza yule kuku alienda wapi. Nikajua amepona. Foleni ya kijiji ilikuwa imezunguka uwanja, liguru akiwa wa kwanza, na hata hakuwa mgonjwa.

Wanajeshi walitaka watu wa kuchimba vyoo vipya mbali na kijito. Nilichimba nao. Afisa akanifundisha kina cha shimo na umbali wake kutoka kwenye maji, na walipoondoka akaniachia sepetu. Wenye vyeti walisema kuchimba choo ni aibu. Baadaye walikuwa wakinitumia watu niende kuwachimbia.

Leo nina hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne. Ekari mbili na nusu, hati ninayo. Kisima kilichojengewa. Vyoo viwili, kimoja cha wageni. Ng'ombe watatu. Pikipiki moja. Sepetu ya jeshi, mpini nimebadilisha mara nyingi. Mke, yuleyule. Kuku wako wengi uani, lakini wote ni wake. Mimi sina hata mmoja.