Samaki Mwenye Mkia Uliochanika

Kumpiga picha samaki aliye ndani ya tangi la kioo ni kazi ya kumtia mtu hasira. Unamlenga samaki, unapata uso wako mwenyewe, mlango wa jikoni, na kochi lililojaa nguo usizokunja tangu juzi. Samaki mwenyewe anatoka kama ganda la chungwa kwenye maji ya kuoshea vyombo. Picha zangu za kwanza zilikuwa hivyo, na ndizo nilizompelekea mume wangu hospitalini hapa Kakamega, alikolazwa akiwa amevunjika paja.

Trela la miwa lilimgonga kule Mayoni akiwa kwenye pikipiki. Simu yake ilisagika palepale. Wodini walimfunga mguu na kuuvuta kwa vyuma vizito, akawa analala chali kutwa akitazama dari. Hakuuliza kazi yake wala pikipiki. Aliuliza samaki wake. Walikuwa watano, wote rangi ya chungwa, na aliwapenda hata nikawaonea wivu. Nasema kweli, niliwaonea wivu samaki.

Mama yake, aliyeishi Malava, hakuwahi kuelewa habari ya samaki wasioliwa. Kila alipotutembelea alisimama mbele ya tangi, mikono kiunoni. "Hawa mnawalishanga mpaka lini? Mimi obusuma yangu iko tayari," alisema, yaani ugali wa kuwalia. Na akiwa kwake, kila salamu aliyotuma kwa mwanawe iliishia na swali hilohilo: je, wale samaki mmeshawala?

Aliaga dunia ghafla, mwanawe akiwa bado amefungwa kitandani. Nilipofika Malava, baba mdogo wa mume wangu aliniita kando kabla hata turubai halijafungwa uani.

"Mke wetu, mgonjwa haambiwi kifo. Akipona tutamkalisha chini tumwambie."

"Ni mama yake, baba. Na yeye ndiye kifungua mimba."

"Ndiyo maana haambiwi."

Nilitii, lakini moyoni nilichemka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulikuwa tunamficha mwenye maradhi kifo, na sijui wahenga wangetuambia nini. Wageni wote waliokwenda wodini walionywa. Mimi nikawa naingia kila siku na uongo mdomoni: mama hajambo, anakusalimu, ni miguu tu inamsumbua, ndiyo maana haji. Kitu pekee cha kweli nilichobeba kilikuwa zile picha za samaki. Nadhani ndiyo sababu nilitaka ziwe nzuri.

Alinifundisha kutoka pale kitandani. Zima flashi, alisema, inakupa doa jeupe tu. Kwangua ule ukungu wa kijani ndani ya kioo kwa kadi ya benki iliyoisha muda. Weka taa juu ya tangi, si mbele yake, kisha zima za nyumba. Jifunike leso nyeusi wewe na simu ili kioo kisikuone. Usimkimbize samaki, mngoje, atakuja. Akija, gusa jicho lake kwenye skrini, jicho likitulia mwili wote utatulia.

Siku ya mazishi sikupiga picha hata moja. Simu yangu ndiyo aliyokuwa akiishika wodini, akipitisha kidole picha baada ya picha, kwa hiyo niliizima nikaitia mkobani. Shemeji zangu niliwakataza wasinitumie chochote. Alasiri, tukiwa bado kaburini, wingu lilikuwa jeusi upande wa mjini. Nililala Malava. Niliporudi nyumbani kesho yake, nilikuta mvua ya mawe imeangusha nyaya na mtaa mzima hauna stima. Pampu ya hewa ilikuwa imenyamaza. Samaki wanne walielea juu ya maji, mmoja alikuwa chini pembeni, akihema.

Wale wanne niliwafukia chini ya mgomba. Nililia pale kuliko nilivyolia kaburini kwa mama mkwe, na mpaka leo naona haya kusema hivyo.

Ningemwambia mume wangu habari ya samaki, lakini ningeanzia wapi? Mtu ninayemficha kifo cha mama yake nimpe kifo cha samaki kama tanzia? Basi nikampiga picha yule mmoja. Nilimpiga ubavu wa kushoto na wa kulia, nikampiga nyuma ya majani, nikampiga akija juu kula. Kila picha niliihesabu kuwa samaki mwingine. Na kwa kuwa nilikuwa na yeye tu wa kutazama, mkono wangu ukawa mwepesi. Magamba yalionekana moja moja. Nilijisifu, Mungu anisamehe, kwamba nimekuwa fundi.

Siku moja mume wangu alikaa na picha muda mrefu, akizivuta kwa vidole ziwe kubwa.

"Huu mkia umechanika."

"Walipigana," nikasema.

"Wote? Na wote wakachanika mahali pamoja?" Hakupandisha sauti. "Siku hizi umejua kupiga, mama watoto. Zile za kwanza ningedanganyika, sikuwa naona kitu. Wengine walikufa lini?"

"Siku ya mvua ya mawe. Stima ilipotea."

"Nilikuonyesha stima ikipotea uchote maji na jagi, uyamwage tena, yapate hewa. Ulikuwa wapi?"

Ningeweza kusema nilikuwa sokoni. Nilikuwa nimechoka.

"Malava," nikasema.

Alitazama dari. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani, maana hata yeye alikuwa anajua.

"Salamu zote umeniletanga za mama," mume wangu alisema, "hakuna hata moja imeuliza kama tumekula samaki."

Nilimshika mkono. Aliuacha ndani ya wangu, lakini hakunishika.

"Mlimlaza upande gani?"

"Kando ya baba. Karibu na ule mparachichi."

"Nionyeshe."

Nilichukua simu nikaanza kupitisha kidole, nikijua kabisa hakuna kitu. Samaki ubavu wa kushoto. Samaki ubavu wa kulia. Samaki nyuma ya majani, magamba yote yanang'aa, jicho limetulia. Mume wangu alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto, shingo inamtetemeka, akingoja. Niliendelea kupitisha kidole mpaka nikarudi kwenye zile picha za kwanza, zenye uso wangu na mlango wa jikoni, ndipo nikamwambia sina.