Nyumba Zisizoandikwa Sifuri

Kiangazi kile boza la maji lilipita mbele ya nyumba niliyopanga Newala mara mbili bila kusimama. Mara ya kwanza mama mwenye nyumba alisema labda dereva ana haraka. Mara ya pili alirudisha ndoo zake ukumbini, akazipanga kwa ukubwa, akaingia ndani.

Orodha aliyoifuata dereva niliitengeneza mimi. Mama hakujua. Alijua tu kwamba nashinda kwenye kompyuta, na kwamba nilitoka Masasi na shahada yangu nikapata kibarua cha miezi sita kwenye mradi wa maji. Sikuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye, na siku nyingi mazungumzo yetu yote yalikuwa shikamoo na marahaba.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Waandishi wa vitongoji walipita nyumba kwa nyumba, wakatumbukiza ufito wenye alama katika kisima cha uani, kile cha kuvunia maji ya mvua, wakaandika kina cha maji kwenye fomu ya simu. Programu yangu ilifungasha taarifa hizo na kuzituma ofisini, ambako ukurasa uliziorodhesha: mwenye kina kidogo juu, mwenye kina kirefu chini. Boza lilianzia juu. Kwa kuwa mtandao wa huku hukatika hovyo, niliweka amri ya kupunguza mzigo: sehemu yoyote tupu isifungashwe. Tupu haina habari, nilijiambia. Niliitafakari amri ile siku tatu, nikajiona mwangalifu.

Boza lilipopita mara ya pili, nilifungua fomu ya nyumba yetu. Jina lipo, kitongoji kipo, kina hakuna. Si sifuri, hakuna kitu. Kwa hiyo kina hakikusafiri, na ukurasa, ulipokosa namba ya kupanga, uliiruka nyumba nzima. Nikaanza kutunga sababu: simu ni mbovu, mwandishi hakufika, mwandishi ananichukia.

Nilimfuata mwandishi wetu, mama wa makamo, nikamkuta anabangua korosho barazani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Hiyo kompyuta inakunywa damu?"

"Kisima cha nyumba ninayokaa, hukukipima?"

"Nilikipima kwa mkono wangu. Ufito ulitoka na vumbi."

"Sasa mbona hukuandika sifuri?"

Akacheka mpaka korosho zikamdondoka mapajani. "Sifuri anaandikiwa mtoto mvivu shuleni. Mtu mzima, mjane, na mji wake, nimwandikie sifuri? Naacha wazi. Kila mtu hapa anaelewa."

Kila mtu. Nilirudi nikaanza kuhesabu nyumba zilizoachwa wazi, kisha nikaacha kuhesabu.

Kuzigeuza zote kuwa sifuri ni mstari mmoja tu. Nilijaribu, nikaliona jina la mama mwenye nyumba limekaa kando ya sifuri, nikaufuta mstari. Badala yake sehemu tupu sasa inasafiri ikiwa tupu, na ukurasa unaiweka juu kabisa, bila namba. Huenda nyumba nyingine haikupimwa tu. Basi boza likikuta ina maji, litakuwa limepoteza dakika chache. Hilo nalo lilinisumbua, lakini kidogo.

Juma lililofuata boza lilisimama. Mama alitoka mbio, kitenge akikifunga njiani.

"Wametukumbuka! Mwanangu, leta ndoo yako kwanza."

"Anza wewe, mama."

"Wewe ni mgeni. Leta, usinibishie."

Nilitaka kumwambia kwamba aliyemsahau analala chumba cha pili. Niliipanga sentensi, nikaipangua, nikaipanga tena, huku maji yakidunda kwenye sakafu kavu ya kisima na mama akimwombea dereva maisha marefu. Sikuisema. Nilileta ndoo yangu, nikaijaza nusu, nikaingia chumbani.